Mvua ya Mawe na Mbwa wa Kasisi

Mazungumzo ya redio. Somo: Kutoka 9:18–26

  Ninyi mlioketi karibu na moto mkinywa chai, na ninyi ambao mmekwisha kufunga aproni zenu za plastiki na kuvaa gambuti, mkitaka kushika njia ya shambani, wote nawaambia, Chamgei.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mvua na juu ya mbwa. Najua wapo watakaosema, "Kasisi leo amekosa neno la kuhubiri." Tafadhali nivumilieni, maana katika habari hii mimi nina deni, na mwenye deni yafaa aliseme mbele ya watu.

Sisi tukaao katika milima ya Kericho na Bomet hatuhitaji kufundishwa kwamba hali ya hewa hubadilika. Saa kumi na mbili asubuhi umande ni baridi, moshi wa majiko umelala juu ya mabati, na anga yote ni safi. Saa nne jua laanza kuchoma mgongo wa mchumaji. Saa saba utaona wingu moja jeupe limesimama upande wa msitu wa Mau, limevimba kama unga uliotiwa hamira. Saa tisa ni ngurumo, na giza, na maji mpaka ndani ya viatu. Saa kumi na moja jua limerudi, chai inang'aa kana kwamba imepakwa mafuta, nawe umesimama barabarani umelowa chapachapa kama mtu aliyetoka nchi nyingine. Mgeni mmoja kutoka Nairobi aliniuliza majira ya mvua huku kwetu ni lini. Nikamjibu, "Ni alasiri."

Wataalamu wa hali ya hewa wanatueleza sababu yake. Mchana, upepo wenye unyevu hutoka Ziwa Viktoria ukapanda kuja huku milimani, nao hukutana na upepo utokao mashariki. Hewa hiyo haina pa kwenda ila juu. Hupanda hata ikafika mahali pa baridi kali, matone yakaganda yakawa barafu. Na kwa kuwa sisi twakaa karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, barafu hiyo haina safari ndefu ya kushuka, haipati nafasi ya kuyeyuka yote. Ndiyo sababu vitabu vya elimu ya hali ya hewa vyataja Kericho na Nandi miongoni mwa mahali pa dunia panapopigwa na mvua ya mawe mara nyingi sana. Katika miaka ya 1960 hapa Kericho yalifanywa majaribio ya kuyapiga mawingu kwa roketi, na baadaye zikarushwa ndege kuyatia mawingu dawa, ili mawe yasikue. Tena mwaka 1982 watafiti Schnell na Tan-Schnell waliandika kwamba takataka ya majani ya chai iliyo chini ya miti yake ina chembe ambazo husaidia maji kuganda upesi, kwa hiyo vumbi lirushwalo na miguu ya wachumaji laweza kuwa ndilo linalopanda mawinguni na kuanzisha mawe. Nilipomsomea habari hiyo mama mmoja mchumaji, aliniambia, "Basi wanataka tuchume tukiwa tumeketi?"

Lakini tuseme ukweli, mawe hayo si jambo la kuchekea. Dakika kumi tu zatosha kulipasua shamba zima, majani yakabaki kama vitambaa vilivyochanika, na mwenye kulipwa kwa kilo hana cha kupimisha kwa majuma kadhaa.

Wazee wetu walijua kuitazama mbingu pasipo vitabu. Mimi si mzaliwa wa hapa. Nilipotoka chuo cha theolojia, kijana mwenye Kiyunani kipya kichwani, nilihubiri Luka 12, pale Bwana anapowaambia makutano kwamba wakiona wingu likizuka magharibi hutambua mara moja kuwa mvua yaja. Nikanyosha mkono wangu kuelekea ziwani, nikawaeleza kwa madaha kwamba hata hapa kwetu ni vivyo hivyo. Mlangoni mzee mmoja akanishika mkono, akasema taratibu, "Kijana wangu, umehubiri vizuri. Ila mvua ya hapa, geuka uitazame huko nyuma." Akanionyesha Mau. Watu wa Palestina walikuwa na bahari magharibi. Sisi tuna ziwa magharibi, lakini dhoruba nyingi huumbika juu ya milima iliyo mashariki yetu ndipo zikatushukia. Tangu siku ile nimejifunza kuwauliza wenyeji kabla ya kuinua kidole.

Sasa nije kwa mbwa. Parishi yangu ina makanisa manne, na kutoka moja hadi jingine huenda kwa miguu, kwa vijia vilivyo kati ya chai. Nina mbwa ninayefuatana naye. Jina lake ni Simba, nalo alipewa na wanangu alipokuwa bado hawezi hata kupanda kizingiti. Mhubiri, katika sura ya 9, anawalinganisha mbwa mzima na simba mfu, naye anamchagua mbwa. Wangu ana majina yote mawili. Si mbwa wa kizungu. Ni huyu wetu wa kawaida, rangi ya udongo, masikio yamesimama, mkia umepinda. Mbwa wa namna hii mwawajua. Hulinda boma usiku, huenda na ng'ombe mtoni, huwafukuza tumbili watokao msituni kula mahindi, huwasindikiza watoto mpaka lango la shule kisha hurudi nyumbani peke yao. Kila asubuhi Simba hukaa mlangoni. Haulizi habari za mawingu. Nikitoka na mwavuli, anakuja. Nikitoka bila mwavuli, anakuja.

Biblia haina maneno mengi mema juu ya mbwa, na wahubiri tumezidisha. Lakini mkipata kukisoma kitabu cha Tobiti, ambacho hakimo katika Biblia nyingi mlizo nazo nyumbani, ila Makala ya 6 ya Kanisa letu la Anglikana yaruhusu kisomwe kwa mafundisho ya mwenendo, mtamkuta mbwa mmoja. Kijana Tobia anaondoka kwenda safari ndefu pamoja na malaika, asijue kuwa ni malaika, na mbwa anafuatana nao. Mbwa yule hafanyi mwujiza wowote. Wakirudi nyumbani, yeye naye yumo. Basi, habari zake zimekwisha. Chuoni tulicheka tukiulizana mbwa huyu ametumwa kufanya nini katika kitabu. Leo, baada ya kunyeshewa na mbwa mara nyingi namna hii, mimi sicheki tena.

Naam, deni langu ni hili.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, mwaka 2019. Afisa wa mifugo alituletea tangazo kwamba mbwa wote wapelekwe sokoni siku ya Alhamisi wakachanjwe wasipate ugonjwa wa kichaa cha mbwa, bila malipo. Nililisoma tangazo lile mimi mwenyewe kanisani, kwa sauti kubwa. Hata niliongeza maneno yangu. Nilisema kwamba mtu akitaka kujua kama anampenda jirani yake, na amtazame mbwa wake kwanza. Watu walicheka, nami nikashuka nimefurahi kwa sababu nimesema neno zuri.

Alhamisi ikafika. Asubuhi nilikuwa na barua za kuandika, nikasema nitakwenda saa nane. Saa nane wingu lilikuwa limekwisha kusimama juu ya Mau, jeusi upande wa chini, mnalijua wingu lile. Soko liko mwendo wa saa nzima. Nikalitazama wingu, nikavitazama viatu vyangu, nikamtazama Simba aliyekuwa tayari mlangoni. Nikasema, "Watakuja tena mwaka ujao." Nikarudi kuketi. Wala mvua haikunyesha kwangu siku ile hata tone moja. Ilipita kando ikaenda kunyesha upande wa sokoni.

Majuma mawili baadaye Simba alipigana na mbwa mgeni karibu na kijito, mbwa ambaye hakuna aliyemjua ni wa nani. Alirudi sikio limechanika. Nilimwosha sikio, na habari hiyo sikumwambia mtu.

Kisha ikaja siku moja ya mwezi wa Mei. Nilikuwa njiani kwenda kumtembelea mgonjwa, Simba yuko mbele yangu. Jua lilikuwa likiwaka. Nilipofika katikati ya chai nikasikia sauti kama ya lori linalopanda mlima, nikageuka nyuma kama nilivyofundishwa na yule mzee, nikaona pazia jeupe linatujia kutoka upande wa Mau. Ninyi mnaojua mnajua. Unapoisikia sauti ile huna muda wa kufikiri. Wachumaji walijifunika vikapu vichwani wakakimbia. Watoto waliokuwa wakirudi kutoka shule wakakimbia. Sote tukajisukuma ndani ya kibanda cha kituo cha kununulia majani, watu wazima, watoto, magunia ya chai na mbwa watatu au wanne, na mawe yakaanza kuyapiga mabati hata ikawa mtu akisema na aliye karibu naye hasikiwi.

Kulikuwa na msichana wa miaka saba. Alirudi nyuma kukwepa maji yaliyokuwa yakiingia, akamkanyaga Simba mkia. Mbwa alikuwa amekwisha kuogopa kwa kelele zile. Aligeuka akamwuma nyuma ya mguu, chini ya goti. Ilikuwa mara moja tu, lakini meno yaliingia.

Katika kibanda kile alikuwamo mama mmoja ambaye ni mhudumu wa afya wa kijiji. Yeye hakupiga kelele kama sisi. Aliuliza, "Nani ana sabuni?" Mchumaji mmoja alikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia katika kikapu chake. Mama yule akamchukua mtoto mpaka ukingoni mwa kibanda, mahali maji ya paa yalipokuwa yakimwagika kama bomba, akauosha mguu kwa sabuni, na kuuosha tena, na mawe yakimpiga mikononi. Nikadhani imetosha. Akasema, "Bado. Ni dakika kumi na tano." Mimi nilikuwa nimeshika saa. Nawaambia kweli, dakika zile kumi na tano nilizihesabu, nami nikaziona kuwa ndefu kuliko ibada ya Ijumaa Kuu.

Alipomaliza akanigeukia. "Pasta, huyu mbwa amechanjwa?"

Mawe yalikuwa yamepungua sasa, kwa hiyo kila mtu alisikia swali. Nikasema, "La, hajachanjwa."

Mama yake mtoto alikuwa akichuma upande wa pili wa kijito. Alifika amelowa, akambeba mtoto wake, akautazama mguu. Kisha akaambiwa mbwa ni wa nani. Alinitazama kwa muda. Akasema, "Pasta, si wewe uliyetusomea tangazo? Mimi wangu nilimpeleka. Tulinyeshewa tukienda, tukanyeshewa tukirudi." Hakusema kwa ukali, na angalisema kwa ukali ningaliona afadhali.

Tulimpeleka mtoto hospitalini siku ile ile kwa pikipiki, akaanza sindano. Utaratibu aliopewa ulikuwa sindano tano: ya kwanza siku ile, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Gharama yote nililipa mimi, wala msinihesabie hayo kuwa wema.

Hapa niseme kidogo habari za ugonjwa huu, maana wengine mnaosikiliza mna mbwa na mna watoto. Hapa Kenya ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa, karibu na Nairobi, nao haujatuacha. Duniani kote hukadiriwa kwamba huua watu karibu 59,000 kila mwaka, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Dalili zikiisha kuonekana, ni mtu mmoja mmoja sana apatikanaye kupona. Lakini kabla ya dalili hazijaonekana kuna njia. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomdunga chanjo huko Paris mtoto wa miaka tisa jina lake Joseph Meister aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye mtoto akaishi, watu wamejua kwamba ugonjwa huu waweza kuzuiwa hata baada ya kuumwa, mradi mtu asichelewe. Jeraha lioshwe mara hiyo hiyo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika kumi na tano. Msipake pilipili, wala mafuta, wala dawa ya majani. Kisha hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo, hata kama mvua yanyesha. Na kwa upande wa mbwa, wataalamu wasema kwamba wakichanjwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Serikali yetu iliweka mpango mwaka 2014 kwamba ifikapo 2030 asife mtu tena kwa kuumwa na mbwa.

Turudi kwa Simba. Vijana walikuwa wamekwisha kushika marungu. Afisa wa mifugo akawakataza. Alitueleza hivi: vidudu vya ugonjwa huingia katika mate ya mbwa siku chache tu kabla ya yeye mwenyewe kuonekana mgonjwa, kisha mbwa huyo hufa upesi. Basi mbwa aliyeuma akifungwa na kutazamwa kwa siku kumi, akabaki mzima, ni dhahiri kwamba siku ile aliyouma mate yake yalikuwa hayana ugonjwa. Ukimwua leo, umejinyima habari. Nikamfunga katika banda la kuni kwa mnyororo, nikaanza kuhesabu.

Sitawasimulia siku zote kumi. Hewa ilibadilika kama kawaida yake. Siku moja ilikuwa ukungu mpaka saa sita, huoni mti wa pili. Siku nyingine ilikuwa jua tupu na vumbi. Siku mbili mfululizo mawe yakapiga tena, na wenye mashamba madogo wakalia. Mimi sikuitazama mbingu hata mara moja. Kila asubuhi kabla ya sala nilikwenda bandani na taa. Amekula? Anakunywa maji? Sauti yake ni ile ile? Anatembea sawasawa? Naye kila asubuhi alinyanyuka, mnyororo ukalia, akasimama kuelekea mlangoni akidhani leo tutakwenda. Kisha nilishika njia peke yangu, kwanza nyumbani kwa yule mtoto kumtazama, ndipo kwa kazi nyingine. Siku za kwanza mama yake alinifungulia mlango, akanipa kiti, akaendelea na kazi yake bila kuzungumza. Siku ya tano alinipa chai.

Usiku wa siku ya nne usingizi ulinikataa. Nikafungua Kutoka, mahali pa mapigo ya Misri, nikalisoma somo letu la leo. Nilikuwa nimelisoma mara nyingi, hata nililiandikia mtihani chuoni. Wasikilizaji, mnakumbuka jinsi lilivyo. Musa anamwambia Farao kwamba kesho, saa kama hii, Bwana ataleta mvua ya mawe nzito ambayo Misri haijaiona. Lakini hapo hapo, kabla ya pigo, linakuja onyo la huruma: tumeni watu sasa, mkaingize ndani wanyama wenu na kila kilicho kondeni. Tena onyo lile wanapewa Wamisri. Na katika watumishi wa Farao wenyewe wakapatikana watu walioliogopa neno la Bwana, wakawakimbiza watumwa wao na mifugo yao mpaka nyumbani. Wengine hawakulitia neno hilo moyoni, wakawaacha watumwa wao na wanyama wao huko huko nje.

Miaka yote hiyo nilisoma kana kwamba tofauti kati ya watu hawa wa namna mbili ni imani tu, huyu alisadiki na huyu hakusadiki. Usiku ule niliona jambo jingine. Yule bwana aliyelipuuza neno, alikuwa wapi mawe yalipoanguka? Alikuwa ndani ya nyumba yake. Juu ya kichwa chake palikuwa na dari. Aliyepigwa ni mtumwa aliyeachwa kondeni, ambaye hakuulizwa kama asadiki au hasadiki. Ni ng'ombe. Ni kijana mchungaji asiyekuwa na ruhusa ya kuondoka. Mvivu ni mtu mmoja, na mwenye kupigwa ni mwingine. Nami Alhamisi ile niliketi nyumbani mwangu pakavu, viatu vyangu safi, na mguu uliotobolewa ulikuwa wa mtoto wa mtu.

Jambo la pili lilinichoma zaidi. Mimi si kwamba sikulisikia onyo. Mimi ndiye niliyelisoma. Farao angaliweza kusema Musa amesema kwa ukali, au Musa ni mgeni. Mimi nilikuwa nimesimama mahali pa Musa, nikasema maneno ya Musa, kisha nikaenda kuketi pamoja na wale wengine.

Jumapili ilipofika nilisoma sura hiyo, na badala ya kupanda mimbarani nilisimama chini, mbele ya viti vya kwanza, nikawaambia kanisa habari yote: barua, wingu, viatu, sikio lililochanika nilionyamazia. Wapo waliosema baadaye kwamba kasisi hapaswi kujivua heshima namna ile mbele ya watoto. Labda. Mimi naona heshima ile haikuwa yangu tena hata niivue. Baada ya ibada nilisimama mlangoni kama desturi. Mtu wa kwanza akanipa mkono, akainama, akaninong'oneza, "Pasta, hata mimi wangu sikumpeleka." Wa nne akasema vivyo hivyo. Mzee wa kanisa mmoja akasema ana mbwa watatu, wala hakumpeleka hata mmoja, kwa sababu siku ile alikuwa akipima majani. Nilihesabu watu kumi na mmoja katika mlango mmoja wa kanisa moja dogo. Na wote, wasikilizaji, walikuwa wamelisikia tangazo langu na kulichekea neno langu zuri.

Siku ya kumi ikapita, na ya kumi na moja. Simba alikuwa mzima. Nilipomfungua mnyororo alizunguka banda mara tatu, kisha akaenda kukaa mlangoni, kama kwamba tulikuwa tumeachana jana. Nilikwenda mbio kumweleza yule mama. Alikuwa akifua. Alisikiliza, akakamua nguo aliyokuwa nayo mkononi, akasema, "Mungu ashukuriwe. Lakini sindano atamaliza." Nikasema ndivyo, atamaliza, na hata daktari alikuwa amesema hivyo. Akazimaliza zote tano.

Tulimwomba afisa wa mifugo arudi, naye akakubali kuja kwenye uwanja wa kanisa. Ilikuwa Jumamosi. Tangu asubuhi kulikuwa na manyunyu, na kufika saa nane wingu lile lilikuwa mahali pake juu ya Mau. Watu walikuja. Walikuja na kamba za katani, kamba za ng'ombe, mikanda ya suruali, mtoto mmoja alikuja amembeba mbwa wake katika kikapu cha chai. Mbwa walikuwa 43, na kelele zake hamwezi kuzifikiri. Mama watoto alisema hajawahi kuona kwaya ya namna ile. Saa tisa ngurumo ikaanza. Nikatazama nione nani ataondoka. Watu walijibana chini ya paa la kanisa, mbwa wao kati ya miguu yao, wakaendelea kungoja zamu. Simba alikuwa wa kwanza katika mstari, maana niliomba hivyo.

Yule mama alikuwapo. Mbwa wake alikuwa na karatasi tayari, hakuwa na haja ya kuja. Alisimama kwenye ngazi za kanisa, kitambaa kichwani, mtoto wake nyuma yake ameshika nguo yake, wakatazama mpaka sindano ikaingia kwa mbwa wangu na karatasi ikaandikwa. Ndipo wakaenda zao katika mvua.

Tangu hapo kila mwaka nampeleka Simba. Kizee amekuwa sasa, mdomo umekuwa mweupe, vijia vya mlimani humchosha, lakini bado hukaa mlangoni asubuhi. Na yule msichana, ambaye sasa ni mrefu karibu kama mama yake, tukikutana njiani kati ya chai hunisalimu vizuri, kisha huvuka kwenda upande wa pili wa njia. Mimi humshika Simba kwa ukanda wa shingo, twasimama kando, mpaka apite.

Natuombe.

Ee Bwana, uliyewaonya hata Wamisri kabla mawe hayajaanguka, uwatazame leo wote walio nje: wachumaji walio mbali na paa, watoto walio njiani kurudi kutoka shule, wachungaji walio na ng'ombe ukingoni mwa msitu, na wanyama ulioviumba vinywa vyao pasipo maneno. Na sisi tulioketi ndani, utuinue. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.